Siku Moja Mwanza na Mpwa Wangu

Msikilizaji mpenzi, kwa majuma mengi nimekuwa nikizungumza nawe juu ya bei ya kahawa, juu ya barabara, na juu ya wenzetu waliopewa dhamana wakajisahau. Leo naomba ruhusa nikuchukue matembezini. Hatuendi mbali. Tunakwenda Mwanza, kwa siku moja tu ya mwezi Julai mwaka 2022, siku ambayo mpaka sasa sijaisimulia kwa mtu yeyote nje ya nyumba yangu.

Tulifika alfajiri kwa meli kutoka upande wa Kagera, mimi na mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 27, amekulia Dar es Salaam kwa baba yake mdogo. Alikuja kwetu Muleba kwa arusi, na wakati wa kurudi akakataa ndege ya Bukoba. Akasema, "Mjomba, Wazungu hulipa maelfu ya dola wakae melini, washushwe kwenye mji wa kale asubuhi, wautazame kutwa, kisha waondoke. Sisi meli tunayo na mji tunao. Kwa nini tusiende?" Ndege yake ya kwenda Dar ilikuwa usiku, akaipanda Mwanza badala ya Bukoba. Mchana wote ukawa wetu.

Na kwa hakika mawazo yake hayakuwa mapya. Meli iliyotuleta ni ile MV Victoria ya zamani, iliyokarabatiwa na kurudishwa majini mwaka 2020. Meli hiyo iliundwa na kampuni ya Yarrow kule Glasgow, Uskochi. Ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye treni hadi Kisumu, na huko ikaungwa upya. Ikaanza kazi mwaka 1961. Enzi hizo ilikuwa mali ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki, nayo ilizunguka ziwa lote: Kisumu, Port Bell, Bukoba, Mwanza, Musoma, na kurudi ilikotoka. Walikuwamo watalii waliovaa kofia za jua wakinywa chai sitahani, na chini yao walikuwamo wafanyabiashara wa ndizi na dagaa ambao hawakujua kwamba wako matembezini. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki kwetu, na mzunguko ukakatika.

Kitu cha kwanza mgeni anachoonyeshwa anapoingia Mwanza ni Jiwe la Bismarck. Huna haja ya kuuliza. Liko majini karibu kabisa na ufuko, mawe yamepandana kama mizigo iliyofungwa na mtu mwenye haraka. Mpwa wangu alipiga picha mpaka nikamwonea huruma simu yake. Halafu akauliza, Bismarck alikaa hapa miaka mingapi? Nikamwambia hakukaa hata dakika moja. Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, ndiye aliyewakaribisha wakubwa wa Ulaya Berlin mwaka 1884 na 1885 wakawekeana masharti ya kugawana bara letu. Lakini yeye mwenyewe Afrika hakuja. Jiwe lilikuwapo kabla yake, na Wasukuma na Wakerewe walilipita kwa mitumbwi yao. Kijana akacheka, akasema huo nao ni ufundi, kuwa na jiwe mahali ambapo hujawahi kufika.

Bandarini tulisalimiwa "Mwangaluka" na mzee mmoja mpakuzi, nasi tukaitikia kadiri ya Kisukuma chetu. Tukanywa chai kwa chapati, kisha tukapanda kuelekea mnara wa saa, pale mjini karibu na Posta. Hapo ndipo wageni wote husimama, kwa sababu kuna kibao kinachomtaja John Hanning Speke, kilima cha Isamilo, na tarehe 3 Agosti 1858, siku ambayo ati ziwa letu liligunduliwa.

Habari za Speke inafaa zisimuliwe kwa kirefu kidogo, maana kibao ni kidogo na mambo ni mengi. Speke hakuwa kiongozi wa safari ile. Kiongozi alikuwa Richard Burton, na walichotumwa kutafuta ni ziwa au maziwa ya bara. Wakati wanatoka Ziwa Tanganyika walipumzika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa Waarabu na Waswahili wa biashara ya pembe na watumwa. Mwenyeji wao mkubwa hapo alikuwa Snay bin Amir. Huyo ndiye aliyewaambia wazi kwamba upande wa kaskazini liko ziwa jingine, kubwa kuliko lile walilotoka kuliona. Maana yake, msikilizaji, ni kwamba habari ya "ugunduzi" ilitolewa barazani, juu ya kahawa, na mtu aliyekuwa akiijua siku zote.

Burton alibaki Kazeh. Speke, ambaye miezi michache nyuma macho yalikuwa yamemsumbua hata akawa haoni vizuri, akaondoka mwezi Julai na wapagazi wake. Aliyekuwa mkono wake wa kuume ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akafika India, akapata uhuru wake baada ya bwana wake kufa, akarudi Zanzibar. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, lugha ambayo si ya mmoja wala ya mwingine. Mambo yote aliyoyasikia Speke njiani yalipita kwanza kwenye masikio ya Bombay.

Tarehe 3 Agosti wakapanda kilima, na maji yakaonekana. Chini yake ilikuwapo nchi ya Mwanza, chini ya mtemi aliyeitwa Mahaya. Speke alikaa siku tatu. Hakupanda mtumbwi kuvuka ziwa; mtumbwi haukupatikana. Alipima joto la maji yanayochemka ili ajue yuko juu kiasi gani, aliuliza maswali, na mtu mmoja wa hapo akamweleza kwamba upande wa kaskazini maji hayo huenda yanafika mwisho wa dunia. Kwa ushahidi huo akasema hiki ndicho chanzo cha Mto Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake, akageuza kurudi Kazeh. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakiliita Ukerewe. Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wengi wetu Nyanza. Lililotangulizwa kwenye ramani ni lile la malkia.

Lakini lazima tumtendee haki. Alibahatisha, na bahati yake ikawa kweli. Burton alimkebehi, na wakagombana miaka mingi. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla hawajakutana kubishana mbele ya wataalamu kule Bath, Uingereza, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali. Mimi naona ni mtu aliyekaa Mwanza siku tatu na kuzilipia maisha yake yote.

Mpwa wangu alisoma kibao mara mbili. Kisha akauliza, "Bombay yuko wapi?" Nikamwambia hayupo. Akauliza, "Na yule Mwarabu?" Nikasema naye hayupo. "Na Mahaya mwenye nchi?" Msikilizaji, nilianza kuchoka na maswali yake, kwa sababu nilikuwa naona yanakoelekea kabla yeye hajaona.

Isamilo tulipanda kwa bodaboda. Juu kuna nyumba nzuri, miti, na mawe makubwa ambayo usiku, kwa mtu asiyeyazoea, yanaweza kukufanya uhisi kama unatazamwa. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Nilimwonyesha kisiwa cha Saanane karibu, na mbali zaidi upande ilipo Ukerewe.

Kisha nikamweleza juu ya mtu wa kwanza wa nje kufanya safari aliyokuwa akiitaka yeye, ya kulizunguka ziwa lote. Ni Henry Morton Stanley, mwaka 1875. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande mabegani mwa watu kutoka Bagamoyo. Aliiunga Kageye, kijiji cha pwani hii hii ya ziwa, na akaondoka tarehe 8 Machi akarudi mwezi Mei. Mwenzake Frederick Barker, kijana wa Kiingereza aliyebakishwa kambini, alikufa wakati yeye yuko majini. Sisi watu wa Muleba habari hii tunaijua kwa mlango mwingine, maana njiani Stanley aligombana na watu wa kisiwa cha Bumbire, na mwezi Agosti akarudi na mitumbwi na bunduki kuwalipiza kisasi. Magazeti ya Ulaya yenyewe yalimlaumu. Bumbire iko mbele ya macho yetu nyumbani kila siku ya Mungu. Kijana wangu alikuwa hajui. Alikuwa amevuka usiku upande huo amelala.

Kwa Wajerumani hatukukawia. Walijenga kituo chao hapa mwaka 1892, na iko nyumba juu ya mawe inayoitwa kwa jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mtawala wa Mwanza miaka ya mwisho ya enzi zao. Robert Koch, daktari maarufu wa vijidudu, alipita hapa mwaka 1906 akifuatilia ugonjwa wa malale, kabla ya kuhamia visiwa vya Sese. Waingereza wakauteka mji Julai 1916. Jambo moja tu nililomsisitizia kijana ni hili: kwa miaka mingi Mwanza ya Wajerumani ilikula kwa mkono wa Waingereza. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za Kisumu ndizo zilizochukua ngozi na karanga za Usukuma kwenda baharini. Reli yetu ya kutoka Tabora haikufika Mwanza mpaka mwaka 1928. Kwa hiyo mji huu ulizaliwa ukitazama majini, na mgongo wake ndio ulioelekea Dar es Salaam.

Tulikula sato na ugali karibu na Makoroboi, mtaa ulioitwa hivyo kwa ajili ya mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi za mafuta ya taa kwa makopo. Mpwa wangu hakujua koroboi ni nini. Nilimwambia kwamba mama yake alisomea kwa hiyo. Hapo ndipo tulipomtaja mara ya kwanza siku ile.

Katika orodha yake pakabaki Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Kisesa. Kwenda huko unashika barabara ya Musoma, unapita Nyakato, kisha Igoma. Nilijua hilo tangu asubuhi. Nilikuwa nimeomba moyoni muda utuishie.

Daladala ilisimama Igoma ikijaza abiria. Kijana akaangalia dirishani, akauliza mama mmoja aliyekaa mbele yetu, "Shikamoo mama, makaburi ya MV Bukoba ni hapa?" Mama akajibu, "Marahaba mwanangu, ni hapa hapa, shukeni." Tukashuka.

Msikilizaji, wengi wenu mnakumbuka, lakini wako waliozaliwa baadaye. MV Bukoba iliundwa na kampuni ya Ubelgiji, ikaanza kazi mwaka 1979. Iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 430. Usiku wa tarehe 20 Mei 1996 ilitoka Bukoba, ikapitia Kemondo, ikapakia watu na ndizi. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Mei, ikiwa imekaribia Mwanza kiasi cha watu kuanza kujiandaa kushuka, ilipinduka. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo likiwa juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga mabati. Waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli, ikatoka. Maji yakaingia, na meli ikaenda chini. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wapiga mbizi wa jeshi la maji la Afrika Kusini walikuja kusaidia kutoa miili. Waliokufa ni zaidi ya 800. Nasema "zaidi ya" kwa sababu orodha ya majina ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Dada yangu alikuwa daraja la tatu. Alipandia Kemondo na mikungu yake, akamwacha mtoto wa mwaka mmoja kwa mama yetu. Alisema atarudi na meli ya Alhamisi.

Nilikuja Mwanza mara tu habari zilipotangazwa redioni. Miili ilikuwa ikipangwa katika uwanja wa Nyamagana, na sisi tulipita katikati ya mistari tukiwa tumefunga vitambaa puani, tukiangalia nyuso, na nyuso zilipokuwa hazisaidii tena tukaangalia viatu na vitenge. Nilipita hivyo siku nne. Sikumwona. Wale ambao hawakutambuliwa na ndugu zao walizikwa Igoma. Huenda yumo. Huenda bado yuko chini na meli. Nyumbani mama alizika kitenge chake kimoja, basi. Tangu hapo nimekuja Mwanza kwa mikutano, kwa matibabu, kwa misiba ya watu wengine, na kwa miaka 26 sikuwahi kushuka Igoma. Kila mara nilikuwa na haraka.

Makaburi yamejengewa, na upo mnara. Kila mwaka tarehe 21 Mei watu hukusanyika kusali, Waislamu na Wakristo. Siku ile hapakuwa na mtu ila vijana wawili waliokuwa wakikata majani kivulini. Walitusalimu, wakatuuliza kama tuna mtu hapa. Nilishindwa kujibu, maana hata hilo la kama tunaye au hatuna sikulijua. Mpwa wangu ndiye aliyejibu, "Tunaye."

Alizunguka pole pole. Nilidhani atalia, hakulia. Alirudi akaniuliza, kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za Bombay kule mnarani, "Mjomba, jina la mama limeandikwa wapi?"

Nilimwambia ukweli. Jina lake kwa maandishi ninaloweza kumwonyesha liko mahali pamoja, kwenye kadi yake yeye ya kliniki ya mwaka 1995, palipoandikwa jina la mama wa mtoto. Kadi iko kwenye sanduku la bibi yake, chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni. Akaniomba niitoe niipige picha nimtumie. Nikamwahidi.

Bujora tulifika jioni, na niseme bila kuficha kwamba hatukuitendea haki. Mahali pale palianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyependa ngoma za Wasukuma kuliko alivyotarajiwa, na kuna ngoma za watemi zilizopangwa kwa heshima, na jumba lenye umbo la kiti cha mtemi. Mtembezaji alitueleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana tangu enzi. Kijana alisikiliza kwa adabu. Mimi sikusikia nusu yake. Nendeni wenyewe, tena asubuhi.

Nilimpeleka uwanja wa ndege, akanipigia magoti kidogo kama alivyofundishwa na bibi yake, jambo ambalo vijana wa Dar wameliacha. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba atakapooa atapitia Mwanza na mkewe, na safari hiyo wataanzia Igoma.

Sasa wako watakaoniuliza kama ziwa limetulia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kufika Ukara, kikiwa na watu wengi kuliko mara mbili ya waliopaswa kuwamo. Walikufa zaidi ya 220. Kwa upande mwingine, Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, na watu wa Sengerema na Geita hawalazimiki tena kusubiri pantoni. Limepewa jina la Rais Magufuli. Mpwa wangu alinitumia picha yake kabla mimi sijaiona kwenye gazeti.

Mimi nililala Mwanza, nikasubiri meli ya kurudi. Kwenye dirisha la tiketi alikuwapo binti mmoja mpole aliyeniomba kitambulisho. Akaniuliza majina yangu matatu, akaniuliza na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Watu nyuma yangu walikuwa na mizigo kichwani na walianza kunung'unika. Nikamwambia, "Binti, naomba nione ulivyoandika." Akanigeuzia karatasi. Jina la babu lilikuwa limekosewa herufi moja. Nikamwomba alisahihishe, akalisahihisha, nikasoma tena kuanzia mwanzo, ndipo nikalipa.